Kabla hujamkabidhi mtoto: jinsi ya kukagua leseni ya mtaalamu wa ABA Marekani

Mtoto ameshapimwa na kukutwa na usonji. Daktari ameandika barua ya kumpeleka kwenye tiba ya ABA, na sasa kituo kimepiga simu: nafasi ipo, anaweza kuanza wiki ijayo. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili huko Texas, Kentucky, Ohio au Arizona huona hapo kazi imekwisha, hasa baada ya kusubiri miezi kwenye foleni. Haijaisha. Kituo kina bango, tovuti nzuri na wafanyakazi wenye fulana za rangi moja, lakini leseni ya kazi hii hupewa mtu, na anayeitoa ni jimbo. Kwa hiyo unayetakiwa kumkagua ni yule mtu atakayeandika mpango wa mtoto wako. Kumkagua hakuna gharama, na sehemu kubwa unaweza kuifanya kwa simu ya mkononi ukiwa jikoni.

Niweke jambo moja wazi kwanza. ABA ni uchambuzi wa tabia unaotumika kama tiba: ujuzi kama kuomba maji, kuvaa viatu au kusubiri zamu hugawanywa vipande vidogo, mtoto hufundishwa kipande kimoja kimoja, na kila siku hupimwa kama anasonga mbele. Wako watu wazima wenye usonji waliopitia tiba hii utotoni na leo wanaipinga kwa nguvu, na hoja zao zina uzito. Sikusudii kukushawishi uichague au uiache. Ukishaichagua, ujue unamkabidhi nani.

Hatua ya 1: Jua nani ni nani chumbani

Utasikia herufi nyingi. Tatu zinakutosha.

RBT ndiye utakayemwona zaidi. Ni yule kijana anayekaa sakafuni na mtoto wako saa mbili, tatu au zaidi kwa siku. Anatakiwa awe ametimiza miaka 18, awe na cheti cha sekondari, amepata mafunzo ya saa 40, amechunguzwa rekodi ya jinai, amepimwa ujuzi wake kwa vitendo na kufaulu mtihani. Basi. Haruhusiwi kuandika mpango wa tiba wala kuubadilisha kwa kichwa chake, hata kama ana miaka kumi kazini na mtoto wako anampenda kuliko wajomba zake.

BCBA ndiye mchambuzi wa tabia kamili: ana shahada ya uzamili, amefanya mazoezi ya kazi chini ya msimamizi kwa saa 1,500 hadi 2,000 kutegemea aina ya usimamizi aliochagua, na amefaulu mtihani wa maswali 185. Huyu ndiye anayempima mtoto, anayeandika mpango na anayebeba lawama mambo yakiharibika. Katikati yupo BCaBA, mwenye shahada ya kwanza, ambaye hufanya kazi chini ya BCBA.

Vyeti hivi vyote vitatu hutolewa na BACB, shirika lisilo la serikali lililoanzishwa mwaka 1998, lenye makao yake Littleton, Colorado. Zingatia hilo la kutokuwa la serikali, kwa sababu ndilo linalowachanganya wazazi. BACB inaweza kumnyang'anya mtu cheti chake, lakini haina uwezo wa kumzuia kufanya kazi. Uwezo huo ni wa jimbo.

Hatua ya 2: Omba jina kamili na namba, kwa maandishi

Kabla ya kusaini chochote, mwambie mtu wa mapokezi: "Naomba jina kamili la BCBA atakayesimamia mpango wa mtoto wangu, namba yake ya BACB, na namba ya leseni yake ya jimbo. Nitumieni kwa meseji au barua pepe." Sentensi hiyo inatosha. Kituo kinachojiheshimu hujibu siku hiyo hiyo. Ukiambiwa "wataalamu wetu wote wana leseni, usiwe na wasiwasi," hujajibiwa swali lako, lirudie.

Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani. Kituo kinachopokea fedha za serikali kuu, na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ni fedha hizo, kinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo, na hakitakiwi kumtumia mtoto wako mwingine kama mkalimani. Na taja Kiswahili chako. Mama wa Uvira na mkalimani wa Mombasa wanaweza kuelewana vizuri kwenye salamu, kisha wakaachana njiani wanapofika kwenye maneno ya hospitali. Sema "Kiswahili cha Kongo" kama ndicho chako, au taja Kirundi au Kinyarwanda kama ndiyo lugha unayoimudu zaidi.

Hatua ya 3: Mtafute kwenye daftari la BACB

Nenda kwenye tovuti ya BACB, sehemu ya daftari la wenye vyeti. Unaweza kutafuta kwa jina na jimbo. Namba yenyewe pia ina habari: ya BCBA huanza na 1, ya BCaBA huanza na 0, na ya RBT huanza na herufi hizo hizo RBT. Tarakimu mbili za katikati ni mwaka aliopata cheti. Kwa hiyo namba inayoanza 1-24 ni ya mtu aliyepata cheti mwaka 2024. Si kosa kuwa mpya, kila mtaalamu alianzia hapo, lakini kama kituo kilikuambia ana uzoefu wa miaka kumi kama BCBA, hapo pana swali.

Usipomwona, usikimbilie kumwita tapeli. Huenda amebadilisha jina la ukoo baada ya kuolewa, au jina limeandikwa kifupi. Tafuta tena kwa namba. Na kama uko New York, kumbuka jimbo hilo hutoa leseni kwa masharti yake lenyewe bila kumlazimu mtu kuwa na cheti cha BACB: mtu anaweza kukosekana kwenye daftari la BACB na bado akawa na leseni halali.

Hatua ya 4: Mtafute kwenye daftari la jimbo

Hapa ndipo wengi huishia njiani, na ndipo penye maana kuliko kote.

Majimbo zaidi ya 35 yana sheria ya leseni kwa wachambuzi wa tabia. Nevada na Oklahoma zilitangulia mwaka 2009, mengine yakafuata kila moja kwa wakati wake. Shida kwa mzazi ni kwamba hakuna ofisi moja ya nchi nzima, na ofisi zenyewe zimekaa mahali ambapo usingefikiria kutafuta. Texas iliwaweka chini ya TDLR, idara ile ile inayowapa leseni vinyozi na mafundi umeme; sheria ilipitishwa mwaka 2017, na tangu 1 Septemba 2018 hakuna kufanya kazi hiyo bila leseni. Ohio imewaweka chini ya bodi ya saikolojia na kuwapa jina lake yenyewe, COBA, hivyo ukitafuta BCBA kwenye daftari la Ohio unaweza kudhani hayupo. Kentucky ina bodi inayoshughulika na wachambuzi wa tabia peke yao. New York wako chini ya idara ya elimu ya jimbo, Michigan wako LARA, idara ya leseni ya jimbo, Washington wako idara ya afya. Minnesota ni wageni: leseni yao ilianza kutumika Januari 2025, chini ya bodi ya saikolojia.

Jinsi ya kuipata haraka: andika kwenye Google jina la jimbo lako, kisha maneno behavior analyst license lookup. Chagua tovuti inayoishia na .gov, au inayoonyesha wazi kuwa ni ya jimbo. Tovuti za kibiashara zinazokuomba kadi ya benki ili "kuthibitisha leseni" ziache. Madaftari ya majimbo ni bure.

Ukimpata, soma mambo matatu. Kwanza, hali ya leseni: inafanya kazi, imeisha muda, imesimamishwa, au iko chini ya masharti. Pili, tarehe ya kuisha. Tatu, kama kuna hatua ya nidhamu, na mara nyingi hapo huwa pana kiungo cha kufungua hati yenyewe. Ifungue. Mtu aliyetozwa faini kwa kuchelewa kutimiza masomo ya kila baada ya miaka miwili si sawa na mtu aliyeandika saa za tiba ambazo hakuzifanya. Wa kwanza mimi ningempokea. Wa pili, hapana.

Jibu utakalolisikia sana ni "leseni iko njiani." BCBA amehama kutoka jimbo jingine, ana cheti kizuri, anasubiri karatasi. Yako majimbo yanayotoa leseni ya muda kwa watu wa namna hiyo, na leseni hiyo nayo huonekana kwenye daftari. Kama haionekani, basi leo hana leseni, na mpango wa mtoto wako unapaswa kusainiwa na mwingine aliye nayo.

Vipi kama jimbo lako halina leseni? California na Florida, majimbo mawili makubwa, yamekwenda miaka mingi bila leseni ya jimbo kwa kazi hii. Huko, kinachomshika mtaalamu ni cheti cha BACB pamoja na masharti ya bima na Medicaid. Kwa Florida jambo hili lina historia ya kushangaza. Mwaka 1972 iligundulika kwamba kwenye taasisi ya Sunland, Miami, wakazi wenye ulemavu wa akili walikuwa wakiadhibiwa na kudhalilishwa kikatili kwa jina la "kurekebisha tabia." Kashfa hiyo ilisukuma jimbo kuweka miongozo, na miaka ya 1980 Florida ikawa na mtihani wake wa wachambuzi wa tabia. Aliyeisimamia kazi hiyo, Gerald Shook, ndiye baadaye aliyeanzisha BACB. Jimbo lililowapa wengine mfumo wa vyeti likabaki lenyewe bila leseni. Ukiwa huko, hatua ya 3 ndiyo nguzo yako, na swali la kuongeza ni: "Bima yangu imemwidhinisha mtu huyu kwa jina?"

Kuna watu wasiohitaji leseni hii. Mwanasaikolojia mwenye leseni yake anaweza kufanya ABA akiwa na ujuzi nayo. Wafanyakazi wa shule za umma mara nyingi wamesamehewa. Huko madai yako yanapitia kwenye mpango wa elimu ya mtoto, IEP, si kwenye bodi ya leseni. Na wewe mzazi: kutekeleza nyumbani yale uliyofundishwa hakukufanyi uvunje sheria. Sheria ya Texas imelitaja hilo waziwazi.

Hatua ya 5: Uliza kuhusu usimamizi, kisha uutazame kwa macho

Karatasi zikiwa safi, bado BCBA anaweza kuwa jina tu kwenye mpango. Sheria ya BACB ni kwamba kila RBT asimamiwe kwa angalau asilimia 5 ya saa anazofanya kwa mwezi. Akifanya saa 80, ni saa 4. Msimamizi lazima awasiliane naye walau mara mbili kwa mwezi, na walau mara moja amtazame akiwa kazini na mtoto. Angalia kwamba hesabu hiyo ni ya saa zote za RBT, si za mtoto wako peke yake. Kwa hiyo kisheria inawezekana mtoto wako apate kidogo sana. Mimi ningeuliza moja kwa moja: "BCBA atakuwa na mtoto wangu saa ngapi kwa mwezi, siku zipi?" Kisha weka alama kwenye kalenda ya ukutani kila anapofika.

Baadhi ya majimbo yamekwenda mbali zaidi na kumtaka hata yule wa chini aandikishwe. Washington humpa cheti cha jimbo, Louisiana na Oregon humsajili. Ukiwa huko, mkague naye kwa njia ile ile. Kwingine, RBT yumo kwenye daftari la BACB tu, na kama hayumo, uliza yuko kwenye mafunzo hadi lini na nani yuko naye chumbani.

Hatua ya 6: Soma bili hata kama hulipi

Medicaid ikilipa, wazazi wengi hawaoni sababu ya kutazama karatasi. Itazame. Tangu 2019 huduma za ABA zina namba zake, nazo ni chache: 97151 ni upimaji, 97153 ni RBT akiwa na mtoto, 97155 ni BCBA akirekebisha mpango huku mtoto yupo, na 97156 ni mafunzo kwako mzazi. Kila yuniti ni dakika 15. Mtoto akikaa na RBT saa mbili, tegemea yuniti 8 za 97153. Ukiona 97156 kila wiki na hujawahi kukaa kitako kufundishwa, kuna mtu anauza saa zako.

Si jambo la kufikirika. Desemba 2024 mkaguzi wa wizara ya afya ya Marekani alitoa ripoti kwamba Medicaid ya Indiana ililipa isivyostahili angalau dola milioni 56 kwa huduma za ABA za mwaka 2019 na 2020. Katika sampuli ya malipo 100 ya mwezi ya watoto, hakuna hata moja lililokosa dosari au shaka. Na Minnesota mwaka 2025 waendesha mashtaka wa serikali kuu walifungua kesi ambamo ilidaiwa wazazi walilipwa fedha kimyakimya ili waandikishe watoto wao. Akija mtu, hata awe wa kanisani au msikitini kwenu, akakuahidi pesa za kila mwezi ukimleta mtoto kwenye kituo fulani, hayo ni makosa ya jinai, na aliyepokea naye yumo.

Hatua ya 7: Mipaka ya ukarimu

Hili linatugusa sisi kwa namna yake. RBT anakuja nyumbani, amekaa saa tatu, utamwachaje bila chai? Chai na chapati hazina tatizo. Lakini kanuni za maadili za BACB zinakataza kutoa au kupokea zawadi yenye thamani ya zaidi ya dola 10, na zawadi ndogo ndogo za kila mara nazo huhesabiwa. Kwa hiyo kitenge cha sherehe, bahasha ya Idi au ya Krismasi, vyote hapana. Akikataa hakudharau, anailinda kazi yake. Anayepaswa kukutia wasiwasi ni anayekubali haraka, au anayeanza kukuomba mkopo, au anayejitolea kumlea mtoto mwishoni mwa wiki kwa malipo pembeni. Uhusiano wa pili juu ya ule wa tiba hawaruhusiwi kuuanzisha. Vivyo hivyo, shemeji yako akiwa BCBA, mshukuru, halafu mwombe akutafutie mwingine.

Hatua ya 8: Mahali pa kushtaki, na kwa mpangilio gani

Mtoto akiumizwa, usianze na bodi yoyote. Piga 911 kama kuna hatari, au simu ya jimbo ya ulinzi wa watoto. Bodi huja baadaye.

Kwa mengine yote, andika kwanza: tarehe, saa, jina, kilichofanyika, nani alikuwepo. Andika kwa Kiswahili usiku huo huo, tafsiri itakuja. Kisha:

Mtu anayefanya kazi bila leseni mahali inapotakiwa, au mwenye leseni aliyevunja sheria, mpeleke kwenye ofisi ya jimbo ulikomtafuta hatua ya 4. Wao wanaweza kutoza faini, kusimamisha au kufuta leseni, na fomu ya malalamiko iko kwenye tovuti yao.

Aliyevunja maadili ya cheti mpeleke BACB pia, lakini usikawie: wanapokea taarifa ndani ya miezi sita tangu jambo litokee au tangu ulipolijua. RBT asiye na leseni ya jimbo kwa kawaida huangukia hapa, pamoja na BCBA anayemsimamia.

Bili za uongo ni za kitengo cha udanganyifu cha Medicaid cha jimbo au cha bima yako.

Ofisi hizo hazipeani taarifa kila mara, kwa hiyo jambo moja linaweza kuhitaji barua mbili. Mfanyakazi wa shirika lililokupokea ulipofika Marekani anaweza kukusaidia kuzijaza, hata kama kesi yako kwao ilishafungwa.

Ukihama, au ukisafiri nyumbani

Familia zetu huhama: leo Houston, mwakani Des Moines kwa sababu kiwanda kinalipa vizuri zaidi. BCBA wako wa Texas hawezi tu kuendelea kwa video. Kinachoangaliwa ni mahali mtoto alipo, si mahali mtaalamu alipokaa na kompyuta yake, kwa hiyo atahitaji leseni ya jimbo jipya, na bima nayo huanza upya. Kabla hujapakia gari, omba nakala ya mpango wa tiba, upimaji wa mwisho na takwimu za maendeleo. Ni haki yako, na mtaalamu mpya asipozipata ataanza kumpima mtoto kutoka mwanzo.

Ukienda kukaa Goma, Kigoma au Mombasa miezi kadhaa, usitegemee kuwa Medicaid italipia vikao vya video. Tangu 2023 BACB imeacha kupokea waombaji wapya kutoka nchi nyingi nje ya Marekani na Kanada, hivyo BCBA utakayempata huko huenda alipata cheti kabla ya hapo au akiwa ng'ambo. Wengine wana vyeti vya mashirika mengine, QABA au IBAO, ambavyo bado hutolewa kimataifa, na vyote viwili vina madaftari yake. Maswali ni yale yale: jina kamili, namba, nani aliyeitoa, na inaisha lini.